Gitaa Lililolala Kifudifudi

Mwaka ule pesa za mafuta zilipofumka, meli za saruji zilipanga foleni nje ya bandari ya Jidda mpaka saruji nyengine ikagandia melini, na kila mwanamme aliyejua kushika nyundo alikuwa na kazi mbili. Ghalib Khelef alikuwa nazo tatu. Asubuhi akitia milango kwenye majumba mapya, mchana akiunda makabati ya jikoni, na ile ya tatu, ya alasiri, ndiyo iliyomkosesha raha. Alikuwa akiunda gitaa la Kihispania.

Kwao Unguja, mtaa wa Vuga, Khelef na wanawe walikuwa mafundi wa maudi, na si maudi ya kubabaisha. Ghalib akiunda, nduguye Ussi akipiga. Ussi alikuwa na mtindo wake. Kabla hajagusa nyuzi, akigonga uso wa udi kwa vidole, ko, ko, ko, kama mtu apigaye hodi mlangoni. Katika ghasia za mwaka wa sitini na nne watu wenye bunduki wakampandisha kwenye lori, na hapana aliyemuona tena. Ghalib akakimbilia Jidda na mkewe Wahida na mama yake, Bi Mashavu.

Tangu hapo Bi Mashavu alikataa katakata Ussi asomewe hitima.

"Maiti hutazamwa uso kabla ya kufungwa sanda," akisema. "Nani kautazama uso wa mwanangu? Nitajieni mtu mmoja."

Ghalib akichelea mama yake atakufa na neno hilo mdomoni, naye abakie na ndugu asiyekuwa hai wala marehemu.

Basi akaja Bwana Turki, mhandisi wa Riyadh aliyesomea Hispania. Alileta gitaa lake lililovunjika na mbao alizoagiza huko huko, nyeupe, zenye harufu kali. Akataka jengine kama lile, la mkono mtupu, bila mashine.

"Gitaa ni mtoto wa udi," akamwambia Ghalib. "Litakushinda nini?"

Neno hilo lilimpendeza Ghalib, na ndilo lililomponza. Akaliunda kama udi, mgongo mwanzo, uso mwisho. Kulipokucha uso ulikuwa umebanduka pembeni, umejikunja kama mdomo wa mtu aliyechukizwa.

"Wenzio wanajenga maghorofa," Wahida akamwambia, "wewe umeshindwa na kibao."

"Kibao hiki kina siri, mke wangu."

"Basi kibembeleze kikwambie."

Akalifumua lile bovu la Bwana Turki, akachungulia. Pale uso unapokutana na mbavu palibandikwa vijiti vidogo vidogo, kimoja kimoja, kama meno. Kutoka nje hapana mkono ungevifikia. Ndipo alipofahamu kuwa Wahispania huanza na uso. Huulaza kifudifudi juu ya ubao, wakajenga mbavu juu yake, na mgongo ndio hufungwa mwisho.

Akaanza upya. Akapinda mbavu kwa maji na chuma cha moto, akapachika vijino kwa gundi ya ngozi. Lakini kazi hiyo ilimtia baridi. Kila alasiri alikuwa kama anayemwinamia mtu aliyelala kifudifudi, naye hana ruhusa ya kumgeuza. Mara nyengine akiweka kiganja akiona mbao zina joto, na gundi ilishapoa zamani. Akajikuta anasema peke yake, "Vumilia. Karibu nitakugeuza."

Siku moja Bi Mashavu akasimama mlangoni na bakora yake.

"Nani huyo umemlaza kifudifudi?"

"Gitaa, mama."

"Uso wake ukoje?"

"Siuoni. Hautazamwi mpaka mgongo ufungwe."

Bi Mashavu akavuta kibao cha mbuzi, akakaa. Tangu siku hiyo akaja kila alasiri, akitazama mikono ya mwanawe.

Ulipofungwa mgongo na gundi ikakauka, Ghalib akaligeuza. Mama yake akanyoosha mikono, akapakatishwa. Akaupapasa ule uso kwa muda, kisha akaugonga kwa vidole.

"Hodi," akasema.

Sauti ikazunguka tumboni mwa gitaa, ikafa. Akagonga tena. "Hodi." Wahida alitaka kusema neno, Ghalib akamshika mkono. Bi Mashavu akagonga mara ya tatu, akatega sikio kwa muda mrefu.

"Hodi tatu hazikuitikiwa," akasema. "Mtu mwenye adabu huondoka." Akamrejeshea mwanawe gitaa. "Ijumaa waiteni watu. Msomeeni marehemu."

Hitima ikasomwa, halua ikaliwa, na Bi Mashavu akalia kilio alichokiweka miaka yote.

Gitaa lilipotiwa nyuzi, Ghalib akalifunga kwa blanketi, maana Riyadh si mji wa kubebea vinanda hadharani, akapanda basi mpaka mtaa wa Batha, mjini humo. Bwana Turki akampokea kwake, akafunga madirisha, akalikaza nyuzi. Kabla hajapiga, akaugonga uso kwa vidole, kama wafanyavyo Wahispania. Ko, ko, ko.

"Karibu," akasema Ghalib kwa Kiswahili kabla hajajizuia, kama aliyesikia hodi ya nduguye.

Bwana Turki akainua kichwa. "Umesema nini, fundi?"

"Mafi," akajibu kwa Kiarabu, yaani hapana kitu. "Piga tu, bwana."

Aliporudi Jidda mama yake alikuwa macho, amekaa pale pale kwenye kibao cha mbuzi.

"Limelia vizuri?"

"Limelia, mama."

"Na mtu hakuitika?"

Ghalib akazikusanya mbao zilizobakia, akazisukuma uvunguni mwa kitanda.

"Hapana, mama," akasema. "Hapana aliyeitika."