Aliyepasua Matumbo ya Samaki

Mgonjwa wangu wa kwanza hapa Doha alikuwa mzee aliyezaliwa Mombasa, akazeekea kwa bintiye, mtaa wa Al Sadd. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kulia, na pamoja na mkono na mguu kikamharibia koo. Chakula chake kilisagwa mpaka kikawa uji. Hata maji yalitiwa unga maalumu wa kuyafanya mazito, kwa sababu maji matupu yangemponyoka na kuingia mapafuni. Hilo nilimweleza bintiye siku ya kwanza, na nililirudia kila alipokuja na sahani kutoka jikoni.

Mimi ni nesi wa bara. Nilipoingia chumbani mwake mara ya kwanza nikasema, "Habari ya asubuhi, mzee," alinigeuzia kisogo. Bintiye akaninong'oneza mlangoni, "Mwambie shikamoo."

Nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo. Kuanzia hapo alinisahihisha Kiswahili changu bila huruma.

Kula hakutaka. Kijiko kikifika mdomoni, anakaza meno. Mchana bintiye alikuwa akinipigia simu kutoka ofisini, na salamu yake ilikuwa hiyo hiyo kila siku: "Amekula?"

"Kidogo tu, dada."

Kisha anasema, "Jaribu tena."

Siku moja uji ulikuwa umenishinda, nikauweka pembeni na kumuuliza alifanya kazi gani ujanani. Nilidhani atasema bandarini. Akasema alikuwa baharia wa meli ya uvuvi iliyokwenda kusini kabisa, kwenye bahari ya barafu, na kazi yake huko ilikuwa kupasua matumbo ya samaki.

"Kuwatoa utumbo?"

"La. Kutazama wamekula nini. Melini mlikuwa na mtaalamu, mwanamke, ndiye aliyetaka kujua. Mimi nakata, yeye anaandika."

Macho yake yalikuwa yamefunguka vile ambavyo sijawahi kuyaona. Akaniambia wale wadogo wanakula uduvi, uduvi kama wa kwao Mombasa ila mkubwa na mwekundu, mwingi hata maji yanageuka rangi, na samaki anashiba mpaka tumbo linakaribia kupasuka. Wale wakubwa wa kilindini, wa kijivu, wenye midomo mipana, wanakula ngisi. Ngisi anayeyuka mwili wote tumboni, anabaki mdomo wake tu, mgumu kama wa kasuku. Aliwahi kukuta mawe. Aliwahi kukuta vichwa vya samaki ambavyo wao wenyewe walivitupa baharini.

"Na wako wengine damu yao haina rangi," akasema. "Unakata, unadhani hujakata."

Akiwa katikati ya maneno hayo nilimsogezea kijiko. Akameza bila kujua. Nikamwinamisha kidevu, nikauliza swali jingine, nikaongeza kijiko. Jioni bintiye alipoona bakuli tupu alilishika kwa mikono yote miwili.

Tuliishi hivyo wiki kadhaa. Halafu maswali yakaanza kumchosha, na kijiko akakikataa tena. Siku moja daktari alikuja, akapendekeza mpira wa kulishia upitishwe puani. Mzee akafunika pua yake kwa mkono wake mzima wa kushoto, na hakuuondoa mpaka daktari alipotoka. Nilipobaki naye nilimuuliza samaki wake wanakula nini wakati wa baridi kali, jua lisipochomoza kabisa.

"Wengine hawali."

"Wanakosa chakula?"

"Chakula kipo. Hawataki. Wanajilaza chini kwenye mawe, moyo unapiga polepole. Ukimpasua, tumbo limesinyaa, halina kitu. Nilimwambia yule mtaalamu, hawa wagonjwa. Akasema, la, hawaumwi." Akanitazama. "Mwambie mwenzio," akasema, akimaanisha bintiye.

Nilimwambia aliporudi kutoka kazini. Alikuwa hajavua hata viatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba si samaki. Samaki msimu ukirudi anakula. Baba akiacha, ndiyo basi."

Alisema kweli.

Ijumaa binti alipika samaki wa kupaka. Harufu ya nazi ilijaa nyumba nzima. Alikuja chumbani na bakuli, na mimi nikasimama.

"Dada, samaki huyo usimpe."

"Nimemsaga. Nimetoa miba yote."

"Mchuzi ni mwepesi. Lete niukaze."

Nilikimbilia jikoni kuchukua kopo la unga. Niliporudi, alikuwa ameketi kitandani anamlisha kwa vidole, kama mtoto, na mzee alikuwa anafungua mdomo. Kwangu hakuwahi kuufungua hivyo. Alimtazama bintiye usoni, anameza, anafungua tena. Binti alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka.

"Dada, basi!" nikasema.

Mzee akakohoa. Hakikuwa kikohozi kikali cha mtu aliyepaliwa. Kilikuwa kidogo, dhaifu, na sauti iliyofuata ilikuwa na maji ndani yake. Tulimwinua, nikawasha mashine ya kunyonya makohozi, nikatoa nilichoweza kutoa. Kesho yake homa ilipanda. Ambulensi ilimchukua mchana wa jua kali, na hospitalini alikaa siku chache tu, amefumba macho, kifua kinapanda na kushuka kwa tabu. Walimzika siku ile ile aliyofariki.

Nilipokwenda kutoa pole, sebule ilikuwa imejaa kina mama. Bintiye akanishika mkono, akanipeleka chumbani kwa mzee na kufunga mlango.

"Niambie. Ni kile chakula?"

Nikamwambia kwamba koo lake lilikuwa limeshaharibika, kwamba hata mate yake mwenyewe yangeweza kumletea homa ile.

"Sijakuuliza hayo."

"Ndiyo," nikasema. "Kiliingia mapafuni."

Aliketi juu ya godoro lililofunikwa kwa nailoni. Kutoka sebuleni tulisikia wanaanza kusoma Yasini.

"Lakini alifungua mdomo," akasema. "Uliona alivyofungua mdomo."

"Nilimwona, dada."

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akatoka kwenda kwa wageni. Mimi nikakunja shuka, nikachomoa waya wa mashine ambayo taa yake ilikuwa bado inawaka, nikateremka kusubiri basi la kwenda kwangu, mtaa wa Najma.