Tulidhani Amefunga

Tangu Jumamosi mdogo wangu alikuwa hapokei simu. Jumanne nikaliacha gauni la bibi harusi wa watu juu ya cherehani, halijapigwa hata pindo, nikaenda chuoni kwao. Fundi ukimwona barabarani na tepu shingoni, ujue kavurugwa.

Chumbani wanalala watatu: binti wa kwaya, binti wa hijabu na mdogo wangu, ambaye wenzake humwita Kimya. Kwetu baba ni Mwislamu, mama Mkristo, na yeye hasali kokote. Kila asubuhi hukaa kitandani akafumba macho, basi. Ndiyo ibada yake.

Nilimkuta amegeukia ukuta, mwili wa moto, midomo imepasuka, shuka limelowa jasho. Wenzake wako mezani wanajisomea.

"Huyu anaumwa tangu lini?"

Binti wa kwaya akashtuka. "Anaumwa? Dada, sisi tulidhani amefunga."

"Mimi nilijua ni kule kutafakari kwake," akasema wa hijabu. "Tulikubaliana tangu mwanzo, dada, mambo ya roho ya mtu hayaingiliwi. Tunaheshimiana sana humu."

Jamani! Damu ilinichemka.

"Heshima gani hiyo? Mtu hali, hanywi, hainuki, nanyi mnampita tu! Wewe swala tano hazikupiti, wewe unakesha na kwaya, na hakuna aliyemgusa hata paji la uso! Hiyo roho mnayoiheshimu mlidhani inakaa wapi, kabatini?"

Binti wa kwaya akaangua kilio, akafumba macho, akainua mikono amwombee.

"Hebu shusha hiyo mikono umshike miguu!" nikamfokea.

Wa hijabu akawahi kumshika kwapani. Tukateremka naye ngazi, tukampakia kwenye teksi.

Hospitalini akatundikiwa dripu. Daktari akanisema mimi, eti tumemchelewesha mgonjwa, na nikameza. Kisha nikawageukia wale wawili kwenye benchi, maana nilikuwa bado sijawamaliza. Mdogo wangu akafumbua macho, akanivuta mkono.

"Dada, nilikuwa nawasikia," akasema kwa shida. "Wanapita kwa kunyata, wananong'ona, wanakizunguka kitanda changu. Nikajua nimeshakufa."