Sauti Iliyokuwa Kwenye Mikanda ya Semina ya Ndoa

Hili lilinikuta mimi mwenyewe. Sikuhadithiwa na mtu, sikuwa na homa, wala sikuwa nimelala. Nimelelewa Bukombe, kwenye nyumba ya Wakatoliki ambako ukitaja mizimu mezani unaambiwa ubebe sahani yako ukale nje, kwa hiyo mimi si mtu wa kuokota okota habari hizi. Tena mmezoea visa vya namna hii viwe vya usiku, njia panda, mbwa wanabweka. Changu kilitokea saa tisa alasiri ndani ya maktaba ya chuo, jua la Shinyanga likichoma mabati juu ya kichwa changu. Kama hutaki kuamini, acha. Lakini nisikilize kwanza.

Nilikuwa mwaka wa tatu, nasomea filamu, televisheni na habari. Utafiti wangu ulihusu vile vibanda vya video vya machimboni. Zamani, kabla simu hazijaenea, wachimbaji walijazana kwenye mabenchi kutazama filamu za karate, na mtu mmoja alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti akiwatafsiria. Mnawakumbuka watu hao? Kichina hajui hata neno moja, lakini banda zima linaelewa. Msimamizi wangu, mhadhiri anayeongea na wewe huku anatazama saa, alikuwa na swali moja tu: "Vyanzo vyako viko wapi?" Alinipa wiki mbili. Nisipopata chanzo halisi maktabani, nibadili mada, na kubadili mada wakati ule maana yake nisihitimu na wenzangu.

Nikaingia maktaba. Ilikuwa likizo, tulikuwa wawili tu: mimi na Mama Neema, mkutubi wetu, mama mnene mcheshi anayedeki sakafu mwenyewe kwa sababu haamini mtu mwingine anajua kudeki. Nikakaa kwenye kompyuta ya kutafutia vitabu. Nikaandika "filamu". Ikaniletea kitabu cha kusafisha kamera. Nikaandika "video". Hakuna. "Televisheni" ikaniletea ripoti moja kuukuu isiyo na jalada. Siku mbili nzima nilikaa pale nikigeuza maneno, mpaka machozi yakawa karibu.

Siku ya tatu, saa tisa, nikasikia mtu nyuma yangu.

"Mwadila, mayu."

Aliniamkia kwa Kisukuma, na mayu ni mama. Nikageuka. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, kasimama mwisho wa rafu, miguuni ana gambuti zilizoganda tope jeupe jeupe, lile la kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Nikadhani ni fundi kaja kutazama paa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza natafuta nini.

"Filamu," nikasema. "Za vibandani. Lakini kompyuta inakataa."

"Hapa filamu haziitwi filamu. Andika ndoa."

Nilicheka, niamini, nilicheka kwa sauti. Lakini kuna kitu kilinitekenya shingoni hata nikiwa nacheka. Sauti yake ilitangulia, midomo ikafuata baadaye kidogo. Mnajua filamu iliyoingizwa sauti vibaya, mtu anamaliza kuongea halafu mdomo ndiyo unafunga? Vilevile. Nikajiambia ni uchovu wa kukodolea kompyuta.

Nikaandika "ndoa". Ikatokea: Semina ya Ndoa, mikanda ya video, sita, stoo, kundi la Dini. Nilipoinua kichwa hakuwepo. Nikaangalia sakafu. Mama Neema alikuwa ametoka kudeki muda uleule, maji yalikuwa bado yanang'aa, na hapakuwa na alama hata moja ya gambuti.

Mama Neema alinifungulia stoo akilalamika kwamba mikanda ile ililetwa na padri mmoja mstaafu ndani ya maboksi ya parokia, na yeye aliyeiingiza kwenye orodha aliandika kilichoandikwa kwenye boksi. Hakuwa na muda wa kutazama semina za watu. Tukaitoa deki ya zamani, tukaipangusa, tukaweka mkanda wa kwanza.

Semina gani! Ilikuwa karate tupu. Na juu ya zile ngumi ilipanda sauti ya mwanaume iliyorekodiwa palepale kibandani, Kiswahili kimechanganywa na Kisukuma, watu wanacheka nyuma yake. "Huyu mnayemwona hapa ni Masanja. Katoka Maganzo, kaokota almasi, sasa hawa madalali wanamwandama. Masanja, kimbia bhabha! Na wewe wa benchi la nyuma, kaa chini, Masanja hakuoni!" Mama Neema alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Namtaja makusudi, kwa sababu yeye alisikia kama nilivyosikia mimi.

Mingine tuliipeleka mbele haraka haraka, na mwisho wa mkanda wa sita filamu iliisha, sauti ikabaki. "Ndugu zangu, kesho sipo, naingia duara. Mke wangu anakaribia kujifungua. Akizaliwa wa kike, ni Limi huyo. Mnisaidie kumwambia kama nitachelewa." Watu wakapiga makofi, mkanda ukakatika.

Kesho yake saa tisa alikuja tena, akasimama palepale. Safari hii sikumwamkia. Nilikuwa nimeshaitambua sauti.

"Ni wewe," nikamwambia.

"Ni mimi. Shija Mabula, wa Mwakitolyo. Liandike kwenye hiyo kompyuta. Mtu wangu atakuja kulitafuta."

"Lini?"

"Anasoma bado. Nisikilize, mayu. Usiandike hajulikani. Najulikana."

Nikamwahidi. Nilisema, "Nitaandika, naahidi." Hakuna aliyenilazimisha. Akasema "wabeja", yaani asante, na midomo yake ikalimaliza neno baada ya mimi kulisikia.

Nikakimbia hadi mezani kwa Mama Neema nikamwomba daftari la wageni, nataka kuona saini ya yule baba wa gambuti. Akanitazama. "Baba gani? Tangu asubuhi umeingia wewe peke yako." Nilipanda pikipiki kwenda Mwakitolyo Jumamosi ile, nikamtafuta mtu yeyote wa enzi za vibanda nimuulize habari za Shija. Muuza chai mmoja alinijibu bila hata kuniangalia: duara lilititia akiwa ndani, hawakumtoa, na wenzake waliogopa kukaa na sauti ya mtu ambaye bado yumo chini. Ndipo mikanda ikapelekwa kwa padri. Mke alikuwa ameshaondoka na mimba yake kurudi kwao, hakuna aliyejua ni wapi. Nilimwomba yule muuza chai niandike maneno yake pamoja na jina lake. Akakataa katakata. Mambo ya marehemu, akasema, hayawekwi kwenye karatasi.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na sitajitetea sana. Msimamizi alifurahia mikanda hata akasahau kutazama saa. Kisha akauliza, "Huyu mtafsiri ni nani? Jina umelipata wapi?" Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini ningesema nimelipata wapi? Kwamba kaniambia mwenyewe? Nilimwona jinsi angecheka. Na huku kwetu maneno ya kuongea na wafu hayaishii kwenye kucheka tu, mnajua wanawake wangapi wameitwa wachawi na kuponzwa na maneno kama hayo. Nikaogopa. Nikasema, "Hajulikani, daktari."

"Basi andika hivyo. Bila ushahidi hakuna jina."

Mama Neema naye alinipa fomu ya kurekebisha orodha, ili mikanda itoke kwenye Dini iingie kwenye Filamu, wanafunzi wengine wasihangaike kama mimi. Kulikuwa na mstari wa jina la msimulizi. Mama Neema hakuniuliza ushahidi wala nini, ningeandika chochote angekiingiza. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaandika: Hajulikani.

Shija alikuwa mwisho wa rafu. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi. Midomo yake ilikuwa inacheza, anaongea, anaongea kweli, mpaka mishipa ya shingo imesimama, na mimi sisikii kitu. Nikasogea hatua mbili. Hakuna. Nikamwambia, "Baba, sema tena, nitalifuta hilo neno." Aliufunga mdomo, akaniangalia, na hakuwa na hasira hata kidogo. Afadhali angekuwa na hasira. Tangu siku hiyo sijamwona.

Jioni ileile nilirudisha mkanda kwenye deki. Ngumi zilikuwepo, Kichina kilikuwepo, muziki upo. Yeye hayupo, na hata watu waliokuwa wakicheka hawapo. Mikanda yote sita. Kipande nilichokuwa nimekirekodi kwenye simu yangu nacho vilevile. Mama Neema alisema ni unyevu wa stoo, lakini aliacha kucheka, na hadi leo hataki tuizungumzie.

Nilihitimu. Nilifaulu vizuri, kazi yangu ikasifiwa, na chuo kikaniajiri kwenye hiyohiyo maktaba nisaidie wanafunzi kutafuta vyanzo. Lile jina ningeweza kulirekebisha siku yoyote. Lakini utafiti wangu uko rafuni unasema hajulikani, na mikanda haina sauti, kwa hiyo ningebandika jina la mtu juu ya kitu gani? Nilisema kesho. Nikasema muhula ujao.

Mwaka huu, muhula ulipofunguliwa, aliingia binti wa mwaka wa kwanza. Alikaa kwenye kompyuta, akaandika, akafuta, akaandika tena. Mara ya tatu akaanza kukusanya begi lake. Nikamwendea kama ninavyowaendea wote.

"Umekosa nini, mdogo wangu?"

"Shikamoo dada. Jina la baba yangu. Mama aliniambia alikuwa anatafsiri mikanda machimboni, na kuna padri aliniambia ilikuja hapa. Lakini jina halipo, basi siyo hapa." Akasoma tena kwenye kikaratasi chake kuhakikisha herufi. "Shija Mabula."

Nilikaa chini. Nilimwambia yote, kama ninavyowaambia ninyi, pamoja na fomu na kalamu. Sikumficha. Tuliweka mkanda wa sita. Tukatazama watu wanapigana mpaka mwisho, kisha kiza, kisha ile dakika ambayo zamani ilikuwa na maneno. Yeye alikuwa ameinama, sikio karibu na televisheni.

"Hapo alisema ukizaliwa wa kike utaitwa Limi," nikamwambia.

Aliinua kichwa. "Mimi naitwa Tabu," akasema. "Mama alinizaa matanga yakiwa bado hayajaisha."

Halafu akaniomba kitu kimoja. Hakunitukana wala hakulia. Aliniomba nilitamke hilo jina kama baba yake alivyolitamka. Nikajaribu. Mungu ananiona, nilijaribu mara nyingi, kwa sauti nene, kwa sauti ya kuvuta, na kila mara niliisikia sauti yangu mwenyewe tu. Nimeisahau sauti yake. Niliyeisikia uso kwa uso, nimeisahau.

Siku hiyohiyo niliandika jina kwenye kompyuta. Lipo sasa, ukitafuta unalipata mara moja. Mikanda bado kimya. Tabu huja siku za Ijumaa saa tisa, anavaa visikilizio, anaweka ule wa sita na kukaa nao mpaka mwisho.

Kwa hiyo wewe unayeandika utafiti wako, au unayepanga vitabu vya watu mahali fulani, nakusihi. Mtu akikupa jina lake, liandike wakati huohuo, na anayetaka kucheka acha acheke. Mimi niliogopa kuchekwa. Kila Ijumaa namsikia Tabu akiurudisha mkanda nyuma, kisha ananiita kutoka kwenye kile kiti: "Dada, hebu jaribu tena."