Tunu wa Ng'ambo, fundi anayefika Sikonge bila kunyanyuka kitini

Saa tatu na robo asubuhi, Tunu Mabruki ameinamia meza yake mtaani Ng'ambo, Tabora, hedifoni kichwani, macho hayabanduki kwenye kompyuta. Chai yake imepoa zamani, wala haikumbuki.

Upande wa pili wa maongezi, kilomita zipatazo sabini kutoka hapo, yuko Mzee Luhende, katibu wa kikundi cha wafuga nyuki huko Sikonge. Kila mmoja ana kompyuta yake, na kinachowaunganisha ni programu ya kutumiana ujumbe. Mzee anajaribu kumwonyesha Tunu skrini yake. Picha inatokea kufumba na kufumbua, kisha inaganda.

Hii ni siku ya tatu wanahangaika, na leo hakuna kesho. Fomu iliyo kwenye kompyuta ya mzee inaiombea asali ya wanachama thelathini na saba nafasi kwa mnunuzi mkubwa, na dirisha la maombi linafungwa saa sita mchana. Mara nne fomu imekataa kwenda, na mzee hajui inakataa nini. Ikishindikana, asali itauzwa barabarani kwa ndoo, kwa bei ya kuombana, hadi msimu mwingine.

Tunu, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, alizaliwa Kwihara. Ufundi aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa akitengeneza mashine za taipu za maofisini. Anasema baba yake hakuwa na haraka ya kushika bisibisi; kwanza alimwomba karani aandike kama siku zote, yeye akae pembeni atazame mikono.

"Mashine nyingi hazikuwa na ugonjwa," anakumbuka Tunu. "Ugonjwa ulikuwa kwenye mazoea ya mtu."

Hadi sasa hiyo ndiyo kazi yake. Wapo mafundi wanaoingia kwenye kompyuta ya mteja kutoka mbali na kumaliza kila kitu wenyewe. Yeye hataki. Anatoza shilingi elfu tatu, anakuomba umwonyeshe skrini, kisha anakuelekeza hadi ufanye kwa mkono wako. Siku nzuri anahudumia watu wanane, siku mbaya wawili, na bado hajabadili utaratibu.

"Nikimfanyia mteja, kompyuta inabaki yangu, si yake," anasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubishania jambo hilo mara nyingi na kushinda. "Babu zangu walikuwa wapagazi, walibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani. Mimi nafika Sikonge nikiwa nimekaa. Nitalalamika nini?"

Lakini asubuhi hii hata yeye jasho linamtoka. Mtandao ameupima, hauna neno. Ruhusa za skrini zimewashwa. Programu ni mpya, na kompyuta imezimwa na kuwashwa mara mbili. Saa nne na nusu inapita. Mzee anaanza kumwomba radhi kwa kumpotezea muda, na sauti yake imenywea.

Ndipo Tunu anapoikumbuka mikono ya makarani. Anamwomba mzee aanze upya, polepole, na atamke kila anachofanya, hata kama ni kujikuna.

Mzee anatii. Anasema anabonyeza kitufe cha kuonyesha. Anachagua fomu. Sasa anaishusha fomu chini, ibaki jina tu ukingoni mwa skrini.

"Unaishusha kwa nini, baba?"

Mzee analishangaa swali lenyewe.

"Mwanangu, si mgeni anaingia? Nitakuachaje ukute vitu vimezagaa?"

Tunu anaondoa hedifoni, anafunika uso kwa viganja na kucheka hadi machozi. Siku tatu nzima, mzee huyu muungwana amekuwa akimfagilia uwanja. Kila alipomkaribisha kuitazama fomu, aliificha kwanza, kama watu wanavyoondoa vyombo sebuleni wanaposikia hodi. Na fomu ikishushwa, anayeitazama kutoka mbali anabaki na picha iliyoganda.

Anamweleza kwa upole, bila kumwaibisha, kwamba leo mgeni amekuja kuona vyombo vyenyewe. Mzee anaipandisha fomu, na safari hii haigandi.

Kosa la fomu Tunu analiona mara moja: cheti cha kikundi kimewekwa mahali pa orodha ya wanachama, na orodha mahali pa cheti. Hagusi kitu. Anaelekeza, mzee anahamisha kimoja, kisha kingine. Saa tano na dakika arobaini na mbili maneno yanatokea chini ya fomu: maombi yamepokelewa.

Mzee Luhende anayasoma kwa sauti mara mbili. Tunu anajifuta macho kwa ncha ya mtandio na hafichi kwamba anajivunia.

Sasa anatafuta chumba Kwihara, awafundishe makatibu wa vikundi vya vijijini, kuanzia Goweko hadi Sikonge, wajue kusaidiana wenyewe bila kumtegemea yeye. Mwalimu msaidizi wa upande wa Sikonge ameshampata: ni Mzee Luhende, aliyekubali bila kubembelezwa.

Wiki moja baadaye mzee alimpigia tena wapange siku ya kuanza, akamwonyesha skrini yake. Tunu alikuta picha za wajukuu, barua iliyoishia katikati, nyimbo za kwaya na mchezo wa karata ambao haujamalizika, vyote vimeachwa wazi vilivyo.

"Hakufagia chochote," anasema Tunu. "Nikajua kwa mzee yule mimi si mgeni tena."