Uzi wa Buluu kwenye Mdeki

Baba yangu ana vidole saba. Vitatu vya mkono wa kushoto vilibaki porini, nyuma ya kijiji chetu kule Katanga, siku gobore lake lilipopasuka mimi nikiwa na miaka saba. Gobore ni bunduki ya kujaziwa mdomoni: unamimina baruti kwa juu, unasukuma risasi hadi chini kwa fimbo ndefu inayoitwa mdeki, unabandika fataki, unapiga. La Baba lilitengenezwa na mhunzi kwa bomba la usukani wa gari bovu, na alilitumia kuwinda ndezi na ndege. "Chuma kilikuwa kibaya," alisema kila alipoulizwa. Tulikubali wote, maana bomba la usukani halikutengenezewa kazi hiyo.

Naanza na vidole kwa sababu mimi ni fundi cherehani. Nashona Turffontein, Johannesburg, kwenye chumba kimoja kinachotazama barabara, na siku za mbio za farasi nasikia kipaza sauti cha uwanjani mpaka naudhika. Mkono wangu wa kulia unakata, wa kushoto unaongoza kitambaa. Nikipoteza mmoja, watoto wangu hawali. Mtu mwenye akili atauliza nilikuwa natafuta nini kwenye gobore, na mume wangu aliniuliza hivyohivyo, si mara moja.

Mwaka 2016 aliingia dukani mzee mmoja Mzungu wa Kiafrikana, mrefu, mstaafu, na kitambaa cha mistari chini ya kwapa. Watu walimwita Oom, yaani mjomba, nami nikamwita hivyo. Alitaka nimkatie vipande vya duara mia mbili, kila kimoja ukubwa wa sarafu, akasisitiza kwamba lazima kiwe pamba tupu. Nikachomoa uzi mmoja pembeni, nikauwasha kwa kiberiti, nikanusa. Pamba hunuka karatasi iliyoungua. Huu ulinuka plastiki, na mwisho wake ukajikunja ukawa kidonge kigumu cheusi. Nikamwambia, "Oom, aliyekuuzia hiki amekudanganya." Akakitazama kidonge kile kwa hofu ya kweli. Kumbe vipande vile ni vya kuvisha risasi kabla ya kuisukuma mtutuni, na plastiki ingeyeyukia humo ndani.

Nilipoelewa nikapiga kelele, "Gobore!" Akacheka, akajaribu kulisema neno lenyewe, likamshinda.

Alinialika nikaone kwenye uwanja wao wa kulenga shabaha. Nilienda nikiwa naogopa, na sitaficha, kwa sababu mimi ni mtu wa kuogopa. Tangu utotoni mlango ukifungwa kwa nguvu nashtuka. Mwaka 2015, wageni walipokuwa wakivamiwa mjini, nilifunga duka nikakaa chini ya meza ya kukatia, na kila bati lililogongwa barabarani lilinifanya niishike mikono yangu kwapani. Nilifikiri nikikishika kitu chenyewe, kikiwa cha chuma kizuri, woga utaniisha.

Ilikuwa bunduki ndogo. Risasi yake, goroli ya ukubwa wa njegere. Haikunipiga bega kama nilivyotarajia. Ilisukuma kidogo tu, ikatoa mlio wa ubao unaopasuliwa, halafu moshi mweupe ukanifunika uso na harufu ya mayai viza. Moshi ulipoondoka niliona kopo limeanguka. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Harufu ile ilikuwa harufu ya koti la Baba.

Baada ya hapo sikutulia. Nikasoma kozi, nikapeleka karatasi zangu za ukaazi polisi, nikachukuliwa alama za hivyo vidole kumi, nikasubiri cheti miezi mingi. Nilipokipata, nikanunua bunduki ya jirani yake Oom, mzee ambaye macho yalikuwa yamemwishia. Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kununua. Kabla hata sijaishika, alidondosha mdeki wa chuma mtutuni, ukalia ting chini kabisa. "Ikilia hivyo, ni tupu," akasema. "Usimwamini mtu, usijiamini na wewe. Uamini mlio huu." Nikatazama ndani kwa tochi, nikapitisha kitambaa cheupe, kikatoka cheupe. Nikanusa. Nikagonga kitako, nikavuta nyundo nikairudisha taratibu. Nilimkagulia bunduki yake kama ninavyokagua suti ya harusi kabla mwenyewe hajaja, na yule mzee akaniambia natesa watu.

Nyumbani nikafanya jambo la kifundi. Nikatia mdeki kwenye mtutu mtupu, nikafunga uzi mwekundu pale ulipotokea mdomoni. Kisha Oom akanisimamia nikajaza kipimo kimoja sawasawa, nikafunga uzi wa buluu. Nyekundu ikigusa mdomo, bunduki ni tupu. Buluu ikigusa mdomo, imejazwa mara moja. Buluu ikibaki juu, kuna kitu cha zaidi ndani, na hapo usipige. Nilizipaka gundi nyuzi zile zisisogee.

Mume wangu alitazama haya yote akiwa amesimama mlangoni na sare yake ya ulinzi. Analinda duka la jumla Fordsburg, na kanisani kwetu, ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu mjini, ni shemasi.

"Mama, uko na akili kweli?" akaniuliza, maana sisi huitana Mama na Papa. "Baba yako ule alipoteza vidole. Weye sasa unatafuta vyako?"

"Ile ya Baba ilikuwa chuma kibaya, Papa. Hii ni chuma kizuri."

"Chuma ni chuma. Eish! Ile mikono ndiyo inakulisha batoto."

Alikuwa anasema ninachojiambia mwenyewe kila usiku. Nililiamini lile neno, chuma kizuri, kama dawa. Bunduki ikaingia kwenye kabati la chuma, nami nikawa naamka kuhakikisha kabati limefungwa. Nikienda uwanjani, chai ya asubuhi naiacha mezani. Nikipiga, nacheka. Nikirudi, nahesabu vidole nikiwa kwenye taksi, mkono ndani ya mfuko ili jirani asinione. Hiyo ndiyo starehe yangu ilivyokuwa, na nisingeibadilisha kwa nyingine.

Majira ya baridi ya 2017 Oom akapata ruhusa ya kuwinda kwenye shamba moja upande wa Heidelberg, ambako kanga walikuwa wengi kwenye mahindi yaliyovunwa. Mume wangu akasema siendi peke yangu. Akaja na Biblia, chupa ya chai na koti la kanisani. Tukalala chini nyuma ya tuta, mimi na yeye, nyasi zimekauka na umande umeganda. Oom alibaki garini, hatua mia nyuma yetu, kwa sababu ya magoti yake.

Nilidondosha mdeki, ukalia ting. Nikatoa pembe ya baruti na kipimo cha shaba, nikaanza kujaza, na hapo mume wangu akanishika mkono.

"Ngoja, Mama. Hatuyasali."

Kweli hatukuwa tumesali. Mtu wa kwetu hafungui hata chupa ya soda kwenye safari bila kusali, nami sikuweza kumwambia shemasi asubiri. Nikafumba macho. Alimshukuru Mungu kwa kulala na kuamka, kwa petroli, kwa Oom na magoti yake. Akawataja watoto kila mmoja na darasa lake. Akakemea roho ya ajali. Kisha akashika mkono wangu wa kushoto, akaviombea vidole kimoja kimoja, gumba kwanza, akivibonyeza, na mimi machozi yakanilengalenga kwa sababu sikujua kwamba yeye pia huvihesabu.

"Amina," tukasema.

Nikafumbua macho. Kipimo kilikuwa mkononi, kitupu. Kitupu kwa sababu nimeshamimina, au kwa sababu sijajaza? Nilipaswa kuupima mtutu kwa mdeki. Nilijua hivyo. Lakini mume wangu alikuwa ananivuta mkono wa koti, ananong'ona, "Ona, ona! Banakuya!"

Walikuwa wanakuja kweli, kanga kama kumi na mbili, wanadonoa na kubishana. Nikajiambia, bado. Nikajaza kipimo, nikamimina. Kitambaa, goroli, nikasukuma na mdeki mpaka ukagoma. Nikauchomoa nikaulaza kwenye nyasi. Nikabandika fataki, nikavuta nyundo, nikaweka shavu kwenye kitako. Kanga mmoja akasimama karibu kuliko wote, akainua kichwa, shingo yake ya buluu imenyooka.

Buluu. Nikaukumbuka uzi. Mdeki ulipogoma, uzi ulikuwa nje, juu ya mdomo. Macho yangu yaliuona na mimi sikuutazama. Mimi ambaye naweza kukuambia kwa kidole kwamba pindo limezidi nusu sentimita.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeushika mtutu kwa chini, pale Baba alipolishikia lake.

"Piga!" mume wangu akanong'ona. "Lakini piga, Mama! Banaenda!"

"Nyamaza."

Nikashusha nyundo taratibu sana kwa kidole gumba kilicholowa jasho kwenye ile baridi yote. Nikaondoa fataki. Nikainuka nikauelekeza mtutu mbali na sisi, na kanga wakaruka wote kwa kelele. Nikakaa chini. Mume wangu alianza kulalamika, kisha akaniona uso, akaacha.

Oom akaja akichechemea. Nilimweleza. Hakunigombeza. Akafunga skurubu kwenye ncha ya mdeki, akaing'oa goroli na kitambaa chake, akamimina baruti kwenye gazeti juu ya boneti ya gari. Akaizoa kwa kipimo changu. Kikajaa. Akaimwaga pembeni, akazoa iliyobaki, kikajaa tena.

"Mtutu huu labda ungestahimili," akasema. "Labda. Nisingependa kujua."

"Na bomba la usukani wa gari?"

Alikuwa anaijua habari ya Baba. Akatikisa kichwa. "Hapana, Mama."

"Lakini baba yangu alikuwa mwindaji tangu ujana. Mwindaji anajazaje mara mbili?"

"Wazoefu ndio hujaza mara mbili," Oom akajibu huku anakunja gazeti. "Mtu anaongeleshwa katikati. Simu, mke, mbwa. Akirudi, mkono unaanza upya. Siku zote kuna aliyemwita."

Alisema hivyo bila kufikiria, kama mtu anayeeleza breki za gari. Mume wangu akatazama chini, maana alidhani anasemwa yeye. Hakuwa yeye niliyekuwa namfikiria.

Siku ile ya vidole, mama yangu alikuwa amesonga bukari, yaani ugali. Akanituma kumwita Baba ale. Nilimkuta pembeni ya njia, gobore limesimama mbele yake, kizibo cha pembe ya baruti kimebanwa kwenye meno. Niliita kwa sauti kubwa, kwa sababu nilipenda kumshtua. Baba! Bukari imeiva! Akageuka, akakitema kizibo, akacheka, akaniuliza kama kuna samaki, nikasema wapo. Akaniambia tangulia, kuna kwale hapa, nampiga huyu kisha nakuja. Nikageuka. Sikuwa nimefika kwenye mihogo niliposikia mlio. Miaka yote ile nilikumbuka mlio na nilikumbuka samaki, sikuwahi kuviweka pamoja.

Tukaanza safari ya kurudi Johannesburg. Mume wangu aliomba msamaha kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, akaomba tena kwenye ya pili. Nikamwambia haina neno, kuanzia sasa tutasali garini, tumalize kabisa, tuseme amina ndipo nifungue pembe. Tumefanya hivyo mpaka leo. Majira ya baridi yaliyofuata nilipata kanga wawili, na alikula kuliko mtu yeyote mezani.

Lakini kumpigia Baba kulinichukua wiki tatu. Nilikuwa nashika simu, naiweka juu ya cherehani, nashona, naishika tena. Niliogopa kuliko nilivyoogopa shambani. Jumapili moja baada ya ibada nikapiga. Tukaulizana mvua, tukaulizana watoto. Ndipo nikasema.

"Baba, siku ile ya gobore. Ulikuwa unamimina baruti nilipokuita?"

Nikasikia kuku wa huko na mtu anatwanga.

"Nani alikuambia?" akauliza.

Akakohoa.

"Chuma kilikuwa kibaya," akasema. "Si niliwaambia? Bomba la gari, chuma kibaya kabisa."

"Ndiyo, Baba."

"Na weye, niliambiwa uko na bunduki. Vidole vyako viko?"

Nikavitazama, vimelala juu ya kitambaa cha mteja.

"Viko, Baba. Vyote kumi."

"Basi," akasema. "Mimi hiyo inanitosha."