Mkeka Juu ya Kiti cha Kepueli

Kengele ya ibada ya alfajiri imeshanyamaza katika kijiji cha Houma, kisiwani 'Eua nchini Tonga, na Lopini Taukolo amesimama ubavuni mwa kijiko chake cha kuchimbia, mkeka mdogo uko kwapani. Anaukung'uta mara mbili pajani, ingawa hauna vumbi, kisha anautandika juu ya kiti. Ndipo anapanda na kukaa.

"Bila huu sikai," anasema. "Hata kama ni kukisogeza hatua moja tu."

Injini inakohoa, inashika. Moshi unatoka mweusi, unakuwa wa kijivu, halafu unapotea. Mashine yenye umri wa karibu miaka hamsini, sahani ya kuzolea mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, inatoka gerejini kama mzee anayekwenda kanisani: taratibu, lakini kwa heshima zake.

Kijiko hiki kilikuwa cha baba yake, Kepueli. Alikinunua kikiwa tayari kimechoka, kutoka kwa wajenzi wa barabara waliokuwa wanarudi kwao na hawakuona sababu ya kukipakia melini. Kwa miaka ishirini na miwili Kepueli alichimba nacho kila kilichohitaji kuchimbwa kisiwani: misingi ya nyumba, mashimo ya vyoo, mitaro ya maji, hata mashimo ya kuokea nguruwe kanisa lilipopokea wageni wa mkutano mkuu.

"Nyumba nyingi unazoziona hapa zilianza na mkono wa baba," Lopini anasema.

Kepueli alifariki miaka saba iliyopita, mwezi wa Mei. Siku hiyo alikuwa anachimba mtaro wa bomba uwanjani kwake, kutoka barabarani hadi kwenye mlango wa jiko. Zilipobaki hatua kumi na moja alizima injini, akashuka, akasema anakwenda kula. Alijinyoosha kidogo wakati chakula kikipakuliwa. Hakuamka.

Mashine ilibaki palepale. Kiti, ambacho huzungushwa kutazama mbele wakati wa kuendesha na nyuma wakati wa kuchimba, kilibaki kimetazama mtaro. Mwaka uliofuata kimbunga kiliangusha tawi la mshelisheli likakipiga kiti hicho. Chumvi ya bahari ikamalizia yaliyobaki.

Lopini ana miaka arobaini na minane. Asubuhi hulima magimbi, na kava ya kutengenezea kinywaji. Mchana hutengeneza injini za mashua na mashine za kukatia nyasi, kazi inayompa kama pa'anga mia mbili, fedha ya Tonga, wiki ikiwa nzuri. Miaka minne iliyopita alisimamisha nguzo nne kukizunguka kijiko, akaezeka bati kuukuu la kanisa. Gereji hii haikuingiziwa mashine. Ilijengwa juu yake.

Pini moja ya mkono wa kuchimbia ilimchukua siku tisa kuing'oa, akiichoma moto na kuigonga, akiipa mafuta usiku kucha na kuigonga tena. Bushi, pete zinazoishika pini, alizichonga kwa chuma cha shafti ya mashua iliyozama. Sili za haidroli, za kuzuia mafuta yasivuje, zilitumwa na kaka yake mkubwa, Tomasi, kutoka Auckland, ndani ya pipa la mchele na nyama za makopo, zimefungwa kwenye soksi.

Jirani yake, Sefanaia, alikuwa anapita kila jioni kumtazama.

"Lopini, ukimaliza hiki Yesu atakuwa ameshashuka," alimwambia siku moja. "Atakukuta na spana mkononi."

"Basi atanishikia taa," Lopini akamjibu. "Wewe mbona hujawahi kunishikia?"

Sefanaia alicheka, na tangu siku hiyo akawa anamshikia taa.

Injini iliwaka mara ya kwanza mwaka jana, na nusu ya kijiji ilikuja kuisikiliza. Ilinguruma dakika kumi, ikafa. Ikawashwa tena, ikafa tena. Lopini alibadilisha chujio. Alifungua pampu ya dizeli, akaosha tangi, akatoa hewa kwenye mirija hadi vidole vikachubuka. Alibadilisha mipira kumi na tisa ya kupitishia mafuta. Miezi minane ikapita, na kila mara injini ilimpa dakika zake kumi na kumwacha amesimama.

Kisha ikaja habari kwamba meli ya kukusanya vyuma chakavu ingetia nanga bandarini Ohonua siku ya Jumatatu. Tomasi alipiga simu kusema uwanja usafishwe, mashine iende. Lopini alisema hapana. Ndugu wawili wakashindwa kuelewana, na mambo ya baba yakishindikana, hapa neno la mwisho ni la dada yake baba, kwa kuwa dada humzidi kaka kwa heshima.

Shangazi Losaline ana miaka sabini na minne na hutembea na fimbo asiyoitegemea. Aliwasikiliza wote wawili, mmoja simuni na mwingine magotini, halafu akatoa hukumu fupi. Jumamosi angekuja na kiti chake. Lopini amalize mtaro wa Kepueli mbele ya macho yake kabla ya jua kuzama, kwa sababu Jumapili hapa hata msumari haugongwi. Kijiko kikishindwa, Jumatatu kiende.

Jumamosi hiyo Lopini alifanya kama alivyozoea. Alisimama kwenye ngazi ya pembeni, akajinyoosha kuzifikia leva, akawasha. Alizoa ndoo tatu za udongo mwekundu. Injini ikafa. Akaanza upya, ikafa. Watu waliokuja kutazama waliacha mzaha mmoja mmoja, na hilo lilimwuma kuliko mzaha wenyewe.

Mara ya nne, shangazi aliita.

"Mwanangu. Mbona unaendesha kama mtu anayeiba kuku?"

Lopini alizidi kung'ang'ania ngazi, mbali na kiti. Mtoto hapa hali masalio ya sahani ya baba yake, havai shati lake, hagusi kichwa chake. Hakuna aliyemwambia kwamba kiti cha mashine nacho kimo. Ila hakuwahi kukikalia baba yake akiwa hai, na alipofariki hakupata wa kumwuliza.

"Nilipaka rangi mashine nzima, hicho nikakifunika shuka," anakumbuka. "Nilijiambia nitakishughulikia mwisho."

Losaline aliinuka. Alimwagiza Sefanaia kreti ya kupandia, akajifunga vizuri mkeka wake wa kuvaa kiunoni, akapanda, na kuketi juu ya kiti cha kaka yake kama anayeketi kanisani. Kisha akatazama mtaro uliokuwa mbele ya uso wake.

"Sikuja hapa kutazama shimo," alisema. "Nigeuzieni niione barabara."

Kiti kilikuwa kimeganda. Lopini na Sefanaia walikimwagia mafuta, wakasukuma, shangazi akiwa juu yake na fimbo mapajani. Kikalia, kikazunguka. Akaamuru injini iwashwe.

Dakika kumi zikapita. Zikapita kumi na tano. Ilipofika nusu saa Losaline aliomba chai aletewe hukohuko juu.

Hapo ndipo Lopini alipoinama kutazama chini ya kiti, upande kilikokuwa kimeelekea miaka yote. Tawi la mshelisheli lilikuwa limepinda mguu mmoja wa kiti, na kila kilipotazama nyuma mguu huo uliukandamiza mpira wa dizeli unaopita chini yake. Ulikuwa bapa kama mrija uliokanyagwa, ukipitisha tone kwa tone. Huo ulikuwa mpira wa ishirini.

"Fundi mwingine angeuona kwa dakika tano," Lopini anasema. "Mimi heshima ilinifumba macho."

Walinyoosha mguu kwa nyundo, wakafunga mpira mpya, wakakirudisha kiti kutazama mtaro. Jua lilikuwa limeshuka upande wa bahari. Lopini akasimama tena kwenye ngazi ya pembeni.

"Kaa," shangazi alimwambia.

"Shangazi, ni cha baba."

"Kwako alikuwa mkubwa. Kwangu hakuwahi kuwa mkubwa, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Kaa."

Bado alisita. Waliokuwepo wanasema kikongwe huyo hakumkaripia. Alifungua mkeka wake wa kiunoni, vazi ambalo mwanamke wa heshima halivui ovyo hadharani, akautandika juu ya kiti.

"Basi kalia changu."

Lopini akakaa. Na kutoka pale, kupitia katikati ya mkono wa kuchimbia, aliona kitu ambacho miaka minne ya spana haikumwonyesha: mlango wa jiko, ulionyooka mbele yake, na ndani yake sufuria. Hicho ndicho Kepueli alichokuwa anakitazama siku ile aliposema anakwenda kula.

"Nilichimba hatua tano bila kuona vizuri," anasema. "Sefanaia anadai ni vumbi. Mwache adai."

Hatua ya kumi na moja ilikwisha kengele ya jioni ikilia. Meli ilikuja Jumatatu, ikapakia vyuma vya watu wengine, ikaondoka. Tomasi, alipoambiwa, aliuliza tu sili zinazofuata ni za saizi gani.

Leo Lopini anakwenda kuchimba shimo la tangi la maji la kanisa. Baada ya hapo anataka kupandisha mtaro hadi nyumba za juu, ambako watu bado wanabeba maji kwa ndoo. Jioni atakunja mkeka wa shangazi na kuingia nao ndani, kama afanyavyo kila siku.

Ana watoto wanne. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda kile kiti, ingawa hajawakataza.

"Hata mimi sitawaambia wakikalie," anasema, akiachia breki. "Kazi hiyo si yangu. Ni ya shangazi yao."

Ng'ambo ya barabara, dada yake Malia ameketi barazani na majani ya kusukia mapajani. Mkeka anaousuka ni mdogo, wa kutosha mtu mmoja tu kuukalia.