Wa Mwisho Ndiye Abebaye Mipira

Katika timu yetu mipira hulala nyumbani kwa kocha, juu mlimani, na uwanja wa mazoezi uko chini karibu na ziwa, upande wa mtaa wa Nguba. Kwa hiyo kila asubuhi tunakusanyika uwanjani mikono mitupu, tunapanda mbio hadi kwake, na anayefika wa mwisho huubeba mfuko wa mipira kurudi chini. Hakuna udhuru. Mgonjwa abaki nyumbani, aliyekuja amekuja. Sheria hiyo niliikuta, na nilipopewa unahodha nikaipenda kuliko kitambaa chenyewe. Watu wanadhani timu hujengwa Jumapili mbele ya mashabiki. Uongo! Timu hujengwa kwenye ule mwinuko wa udongo mwekundu, mvua ikiwa imenyesha, pasipo hata mbuzi wa kukupigia makofi.

Miaka yote hiyo sikuwahi kuubeba. Si kwamba nilikuwa na mbio sana. Nilikuwa na maandalizi. Nililala mapema, viatu nimevisafisha kwa mkono wangu. Bia niliwaachia wenye vitambi. Nilikula bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na kabla ya kengele ya kanisa nilikuwa nimeshaketi ukingoni mwa kitanda nikiyakanda magoti kwa maji moto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nilikuwa nainama kila siku, ingawa msimu huu kuinuka ndiko kulikokuwa kazi.

Mke wangu ndiye aliyetangulia kusema.

"Papa, magoti yako inalia sawa mulango ya zamani."

"Itapata mafuta, itanyamaza."

"Hata mulango, iko siku banaibadilisha."

Tukacheka wote wawili, lakini neno lilikuwa limeshaingia.

Msimu ulipokaribia mwisho, kocha akaniuliza kama nitacheza na msimu ujao. Nikamwambia kwa kiburi: siku nitakayobeba mipira, usiliandike tena jina langu; mpaka hapo, nipo. Na kwa kuwa kocha wetu hana kifua, siku hiyohiyo timu nzima ikajua.

Haikupita wiki. Asubuhi moja, kwenye kona ya mikaratusi, pumzi zikaniishia. Wenzangu wakanipita mmoja baada ya mwingine, hata kipa wetu, pande la mtu, ambaye mfuko ule ulikuwa kama mali yake. Nikajua mambo yamefika. Mara nikaona ajabu. Winga wetu, mwenye mbio kuliko wote, ameinama anafunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Wengine wanatembea, wanapiga soga. Na kipa ameketi juu ya jiwe, ameshika paja la kulia.

"Vieux, pita tu," akaniambia; vieux ndiyo mzee, na ndivyo walivyoniita. "Muguu yangu imekufa."

Nikapita. Nilipofika kwa kocha wakanipokea kwa vigelegele: "Vieux iko na mbio sawa kijana!" Walinivika kilemba cha ukoka, nami nusura nikivae. Sitadanganya, kilikuwa kitamu. Kisha kipa akafika, akajitwika mfuko, akaanza kuchechemea. Mguu wa kushoto.

Hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka. Sikuwakasirikia kwa kunidanganya. Niliwakasirikia kwa kupunguza mwendo. Mimi ndiye niliyewafokea vijana wale kwa kutembea pale palipotakiwa kukimbia, na sasa walikuwa wanatembea kwa ajili yangu. Leo wanamsubiri wanayempenda, Jumapili watamsubiri wanayemwogopa. Mapenzi yao yalikuwa yanaibomoa kazi yangu, na wenyewe wanatabasamu.

"Weka mufuko chini," nikamwambia kipa. "Tunashuka wote, tunaanza upya. Mwenye ananipenda, anipite."

Tukashuka. Tukapanda tena. Walinipita wote, na safari hii hakuna aliyefunga kamba. Kipa alikuwa wa mwisho kunipita, machozi yanamlengalenga.

"Vieux, hii njo mbio ya kweli?"

"Njo ya kweli. Kimbia!"

Nilipofika, kocha alikuwa amesimama langoni na mfuko mkononi, hautoi.

"Tunaweza kubadilisha hii sheria," akasema kwa sauti ya chini.

"Ukiibadilisha, sitakuya hata kutazama match."

Akanipa. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Maneno hayo nimewahubiria wengine muda mrefu, na asubuhi ile nilikuwa nayabeba mgongoni. Kocha akaniuliza kama basi ndio mwisho. Nikamjibu kwamba msimu huu nitaumaliza, na ujao atafute nahodha mwingine, ila kwenye mlima huu nitaendelea kuja, maana magoti yakikaa bure ndiyo yatapiga kelele zaidi.

Nilidhani ningelia. Badala yake nilisikia raha, raha ya mtu aliyevua viatu vinavyombana. Ziwa lilikuwa limetulia chini kule, na mipira ilinigonga mgongoni kila hatua. Kumbe ndivyo ilivyo, na kipa wa watu hakuwahi kulalamika. Mbele yangu vijana walikuwa wanateremka kwa kasi, bega kwa bega, wanaimba. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama. Ndivyo nilivyowafundisha.